Kuyafuata Maji ya Kagera: Siku Saba kwenye Ardhioevu za Kigali

Siku ya kwanza, Jumatano

Mimi ni mtoto wa Mto Kagera. Nimezaliwa Kyaka, nikakua nikivuka lile daraja kwenda shule, na leo nafundisha jiografia si mbali na hapo. Miaka kumi na sita sasa nauchora mto huo ubaoni kwa namna ile ile: mshale unaingia kutoka kushoto, unapinda, unatokea kulia, naandika Ziwa Victoria. Mwaka huu mwanafunzi wa kidato cha pili akaniuliza maji haya ya rangi ya chai ya maziwa yanatoka wapi hasa, na huko yanakotoka yanafananaje. Nikamjibu, "Rwanda na Burundi." Akaridhika, akakaa. Mimi sikuridhika.

Basi nimeomba ruhusa ya wiki moja. Tumeondoka Kyaka saa kumi na moja alfajiri kwa Hiace, tukapita Karagwe, tukateremka hadi Benaco. Kila nikipita Benaco sauti hupungua kifuani. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa ishirini na nne tu, wengi wakafikia hapa. Nilikuwa na miaka tisa. Wiki zile mama alitukataza kuteka maji mtoni, na hakutuambia sababu. Tulikuja kuijua baadaye: miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilikuwa ikitupwa katika mto Nyabarongo, nayo mito ikaibeba hadi ziwani, Waganda wa pwani wakaizika kwa mikono yao. Sitalirudia hili katika safari hii. Ila mtu wa Kyaka hawezi kusema anakwenda kuona maji ya Kagera yanakotoka akajifanya halijui.

Rusumo tumefika mchana. Mto unabanwa kati ya miamba halafu unaanguka, ukungu unapanda hadi darajani. Hapo hapo kuna mitambo ya umeme ya megawati 80 inayogawanywa kwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Nimegongewa muhuri, nimerudisha saa nyuma kwa saa moja, basi limehamia kulia mwa barabara. Kayonza, Rwamagana, vilima juu ya vilima. Jioni nipo Kigali, nyumba ya wageni ndogo karibu na Remera. Miguu imevimba kwa kukaa.

Siku ya pili, Alhamisi

Nyandungu. Kwa miezi miwili nimekuwa nikilisoma jina hili, na leo nimelikanyaga.

Bonde lenyewe liko mashariki mwa jiji, mpakani mwa wilaya za Gasabo na Kicukiro, karibu na uwanja wa ndege, kiasi kwamba ndege ya abiria inakupitia juu huku mdiria akiwa ametulia kwenye tete mbele yako bila hata kugeuza shingo. Ukubwa wake ni zaidi ya hekta 120. Zamani hapa palilishwa ng'ombe, palilimwa, palichimbwa, pakamwagwa kila kilichokosa pa kumwagwa. Kazi ya kuparudisha ilianza 2016, na Julai 2022 pakafunguliwa kama hifadhi ya watu kutembea. Imepandwa miti zaidi ya 17,000 ya aina 55, yote ya asili ya nchi hii, na kuna takribani kilomita kumi za njia za miguu na baiskeli.

Namba hizo nilizijua kabla sijafika. Nisichokijua ni ukimya wake. Nimepita getini, nimetembea kama dakika tano, na kelele za pikipiki zikazama kama jiwe linavyozama majini. Zikabaki sauti za vyura, na kwera. Kwera ni wengi mno! Wamening'iniza viota vyao kwenye matete juu ya maji, kila kimoja mlango wake unatazama chini, madume ya manjano yanapigapiga mabawa kuita majike yaje kukagua nyumba. Nimeona jike moja likikagua, likavuta uzi mmoja wa jani, likaondoka zake. Dume likaanza kukibomoa kiota lenyewe.

Kijana anayeongoza wageni alinikuta hapo nikiwa nimeduwaa. Alikulia Bukavu, Kiswahili chake ni cha Kongo, kitamu kusikiliza.

"Karibu, mama mwalimu. Ulikuja kuona ndege ao kuona maji?"

"Maji," nikasema.

Alicheka kwa furaha. Alisema wageni wengi huja na kamera kutafuta ndege, na wengine huja kupiga picha za harusi, lakini wa maji ni wachache. Akanipeleka moja kwa moja hadi pale maji ya mjini yanapoingilia.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo nililolifundisha kwa miaka yote bila kuliona. Kigali ni jiji la vilima. Mvua ikinyesha juu, paa na lami havinywi kitu, kwa hiyo maji yote hukimbilia bondeni kwa mara moja, yamebeba udongo, mafuta ya magari, mbolea za bustani, sabuni za watu zaidi ya milioni 1.7. Bonde likiwa wazi, au likiwa limejazwa kifusi na kujengwa, maji hayo yanapita kwa kasi ileile yaliyokuja nayo hadi mtoni, na mto unayaleta kwetu. Bonde likiwa na kinamasi, maji yanagonga ukuta wa mimea na kupunguza mwendo. Yakipunguza mwendo, yanashindwa kubeba udongo. Udongo unatua. Ni fizikia ya ndoo: koroga maji yenye tope, yaache, urudi baada ya saa moja uone.

Hapa wameyasaidia. Kuna mabwawa yaliyochimbwa kwa mfuatano, maji yanaingia la kwanza, yanapumzika, yanatoka kwa upole kwenda la pili. La kwanza ni zito, rangi ya udongo mwekundu. Nikitembea sambamba nayo nimeona rangi ikipauka bwawa hadi bwawa. Nikarudi mwanzo, nikatembea tena. Mara tatu. Kijana alinisubiri chini ya mti bila kulalamika.

Halafu mafunjo. Wao wanayaita *urufunzo*. Funjo, urufunzo: neno ni ndugu yake neno, nami nikaona fahari isiyo na sababu. Kijana alinipa ruhusa kushika bua moja lililoanguka njiani. Lina pembe tatu, si duara, laini kama limepakwa nta, na ndani ni sponji nyeupe yenye hewa. Hiyo hewa ndiyo siri yake. Chini ya kinamasi hakuna oksijeni, mimea mingi ingekufa kwa kuoza mizizi, lakini funjo huipeleka hewa yake yenyewe kutoka juu hadi kwenye mashina yaliyolala topeni. Kwenye mizizi na mashina hayo kunakaa bakteria. Wengine hula uchafu. Wengine, pale pasipo hewa, huchukua naitreti iliyotoka kwenye mbolea na vyoo na kuigeuza gesi ya naitrojeni ikarudi angani. Fosforasi nayo hushikwa na udongo uliotua na mimea inayokua. Na funjo linakua kwa pupa, linaweza kufika mita tano.

Kwa nini mwalimu wa Kyaka ashughulike na naitreti za Kigali? Kwa sababu ya magugu maji. Yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Kagera ndio ulioyaleta na kuendelea kuyaleta. Miaka ya 1990 nakumbuka mitumbwi imekwama ufukweni, wavuvi wamekaa juu ya nyavu zao mikono mashavuni. Magugu yale hula mbolea iliyoyeyuka majini. Kila kinachonaswa hapa Nyandungu ni chakula ambacho gugu halikukipata.

Nimetoka saa kumi na moja jioni, walinzi wakianza kuwaaga watu. Sijafika hata nusu ya njia.

Siku ya tatu, Ijumaa

Mvua tangu alfajiri. Mvua kubwa, ya kupiga bati hadi huwezi kusikia redio. Mwenye nyumba alinishauri nilale. Nikamwambia hii ndiyo mvua niliyoifuata.

Ilipokatika, saa nne kwa saa zao, nilikwenda Nyandungu nikiwa na chupa mbili za kioo za jamu nilizozifunga kwenye kanga tangu nyumbani. Yule kijana alinipokea amevaa buti. "Leo tuko na maji mingi," akasema, na macho yake yaling'aa.

Mlangoni mwa bonde maji yalikuwa yakinguruma. Kandambili moja, matawi, chupa, yote yakizunguka pamoja kwenye povu. Nikamwomba ruhusa, akanishika mkono nisiteleze, nikachota chupa ya kwanza. Halafu tukatembea chini, taratibu, njia ikiwa na madimbwi, hadi upande ambao maji yanatokea baada ya mabwawa na mafunjo. Huko hapakuwa na ngurumo. Maji yalikuwa yamepanda kwenye mabua hadi alama ambayo jana ilikuwa kavu, yameenea, yamelala. Nikachota chupa ya pili.

Tukaziweka juu ya benchi. Ya kwanza: huoni kidole nyuma yake. Ya pili: rangi ya chai ya rangi, nyepesi, kidole nakiona, hata kucha. Si maji ya kunywa, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini tofauti ya chupa hizo mbili ni kazi iliyofanyika, na hakuna mashine iliyowashwa wala aliyelipwa kwa saa ile.

Tulikaa pale muda mrefu. Watu waliokuwa wakikimbia mazoezi wakasimama kuuliza. Mama mmoja alizitazama chupa, akazungumza na kijana kwa Kinyarwanda, kijana akanitafsiria: mama anasema zamani mvua kama hii walikuwa wanaogopa upande wa chini, leo amekuja kutembea na mtoto. Kisha nikayamwaga maji yote mawili pale pale, kila moja upande wake, maana sikuona haki kuyaondoa.

Kingine nilichokipenda leo ni jinsi bonde linavyohifadhi. Kijana alichimba kwa kijiti kando ya njia, kidogo tu, udongo mweusi ukatoka umejaa nyuzi za mimea. Pasipo hewa mimea iliyokufa haiozi ikaisha; inalundikana mwaka hadi mwaka, inakuwa kama godoro. Godoro hilo hunywa mvua na kuitoa polepole kiangazi. Warwanda wana somo chungu juu ya hili. Kaskazini mwa nchi, kinamasi cha Rugezi kilikaushwa kwa kilimo, maji ya Ziwa Burera yakashuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha umeme cha Ntaruka kikakosa maji ya kutosha, nchi ikaingia gizani na kwenye jenereta za dizeli. Wakakizuia kilimo ndani ya Rugezi, kinamasi kikarudi. Nadhani ndiyo maana hapa hakuna anayehitaji kushawishiwa sana kwamba tope lina thamani. Walishalipia ada ya somo hilo.

Orodha yangu ya ndege leo: yangeyange, kwarara, mwewe, mdiria wa aina mbili, batamaji, na mmoja mdogo mwenye vidole virefu vya ajabu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama.

Siku ya nne, Jumamosi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda, siku ya kazi za pamoja nchini Rwanda. Nilikuwa nimesahau. Maduka yamefungwa, barabara tupu. Mwenye nyumba akachukua jembe, akanitazama. Nikamwambia hata kwetu Jumamosi ya mwisho ni ya usafi, nipe na mimi kifaa. Akanipa sepetu.

Kazi ya mtaa ilikuwa kuzibua mtaro. Saa mbili hadi saa tano tumezoa mchanga, majani, vipande vya matofali. Mifuko ya plastiki ni michache mno. Rwanda iliipiga marufuku 2008, sisi tukafuata Juni 2019, na tofauti ya miaka hiyo inaonekana mtaroni. Nilimuuliza mzee aliyekuwa kando yangu mtaro huu unaishia wapi. Hakusema "mbele huko". Alisimama, akanyoosha mkono kupitia mapaa, akanionyesha bonde: *igishanga*. Kinamasi. Mzee anajua mtaro wa mlangoni kwake unakwenda kinamasi kipi. Nimejiuliza ni wangapi kwetu wangeweza kujibu.

Mchana nilikwenda Gikondo kwa pikipiki, kofia ngumu kichwani kama sheria inavyotaka. Hapa palikuwa na eneo la viwanda ndani ya kinamasi chenyewe. Viwanda viliondolewa, vingi vikahamia ukanda maalumu wa Masoro, majengo yakavunjwa. Gikondo ni kimoja kati ya vinamasi vitano vya jiji ambavyo kazi ya kuvirudisha ilianza 2024. Vingine ni Rwampara, Rugenge-Rwintare, Kibumba na Nyabugogo. Jumla ni karibu hekta 500. Nilitazama kutoka barabarani tu. Bado ni mahali pa kazi: udongo uliochimbuliwa, maji mapya yasiyo na mimea, miche iliyoegemezwa vijiti. Hakupendezi bado. Ila nilifurahi kupaona hivi, kwa sababu Nyandungu nayo ilianza hivi, na anayeiona leo anaweza kudhani ilikuwapo siku zote.

Usiku mgongo unaniuma kwa sepetu.

Siku ya tano, Jumapili

Umusambi ni korongo taji kwa Kinyarwanda. Sisi wa Kagera tunamjua tangu utoto, na jirani zetu Waganda wamemweka kwenye bendera. Kijiji cha Umusambi kiko mashariki mwa jiji, hekta 21 za kinamasi kilichorudishwa, na wenyeji wake ni korongo wasioweza kuruka.

Wako zaidi ya hamsini. Kila mmoja aliwahi kuwa pambo kwenye bustani ya nyumba au hoteli. Ndege huyu ni mzuri, na uzuri wake ulimponza: walitekwa wakiwa makinda, wakavunjwa au kukatwa mabawa wasitoroke. Mganga wa wanyama Olivier Nsengimana alianzisha kazi ya kuwakusanya mwaka 2014. Wenye korongo waliombwa wawaandikishe bila kuadhibiwa, ndege wakachukuliwa, walioweza kupona wakapelekwa hifadhi ya Akagera, na waliovunjika kabisa wakaletwa hapa.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Sauti yao ni kama mtu anayepuliza pembe akiwa na huzuni. Halafu nyasi zikafunguka, wawili wakatoka wakitembea pamoja, taji za dhahabu zikipigwa na jua, kifuko chekundu shingoni. Dume, nadhani ni dume, aliinama, akaruka juu kidogo, akafungua mabawa. Bawa moja lilifunguka lote. La pili liliishia nusu. Mwenzake naye akaruka, wakazungukana, wakainamiana, wakaruka tena. Walicheza ngoma yao nzima hivyo hivyo, na hilo bawa la nusu.

Nimelia. Naandika kama ilivyokuwa.

Mhifadhi wa pale, dada mmoja mpole, aliniacha nimalize ndipo akaniambia habari njema. Wakati wa sensa ya 2017 korongo waliohesabiwa nchini kote walikuwa 487. Kufikia 2022 walipita elfu moja. Huyu ni ndege wa kinamasi hasa: kiota anakijenga katikati ya nyasi zilizozungukwa na maji ili mbweha na mbwa wasifike. Ukikausha kinamasi, hata ukimpenda vipi na kumlinda na wawindaji, hana pa kutagia. Ndiyo sababu dada huyu anatumia muda mwingi zaidi kuzungumza na wakulima wa mabondeni kuliko kuwashika ndege.

Nilimuuliza kama hawa wa hapa huzaana. Akatabasamu. Makinda yanayoanguliwa hapa mabawa yao ni mazima, akasema. Yakikomaa yanaondoka yenyewe.

Nikakaa hadi jua lilipoinama. Njia ni fupi, ningeweza kuizunguka kwa saa moja. Nilitumia tano.

Siku ya sita, Jumatatu

Leo nimekwenda kuona mwisho wa jiji. Mahali panaitwa Giti cy'Inyoni, Mti wa Ndege. Nyabugogo, mto uliotoka Ziwa Muhazi na kupita bondeni kando ya kituo kikuu cha mabasi, unafika hapa na kuingia Nyabarongo. Nyandungu, Gikondo, mtaro tuliouzibua Jumamosi: mwishowe maji yote ya Kigali huwa ya Nyabarongo. Nayo ikishapokea mto Akanyaru na kufika Ziwa Rweru inabadilika jina kuwa Akagera, yaani Kagera. Baada ya Rusumo ni wetu.

Nilisimama kwenye daraja la barabara ya kusini, malori yakilitikisa. Nilitegemea nini? Labda, baada ya siku tano za mabwawa na mafunjo, nilitegemea maji masafi. Nyabarongo ni kahawia. Kahawia nzito, ileile ya Kyaka. Inateremka kutoka nyanda za juu za magharibi na kusini, kwenye miteremko inayolimwa hadi kileleni na machimbo ya madini mabondeni, na imeshajaa udongo kabla haijaigusa Kigali. Jiji lilitambuliwa mwaka 2022, chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, kuwa miongoni mwa miji ya ardhioevu duniani, na nimeona kwa macho kwamba limestahili. Lakini chujio la jiji moja haliwezi kuchuja nchi nzima. Ilinichukua muda kulikubali hilo pale darajani. Kando ya mto, ng'ambo, kulikuwa na ukanda wa mafunjo, mnene, kijani kibichi, vichwa vyake vyote vimeelekea upande mmoja kwa upepo. Pale maji yalipogusa mabua yalikuwa yametulia, na kwenye ukingo wa utulivu huo rangi ilikuwa tofauti. Mstari mwembamba tu. Nikautazama huo mstari hadi mwendesha pikipiki akaniuliza kama niko salama.

Jioni nilimpigia simu kijana wa Nyandungu kumuaga. Akasema, "Mama mwalimu, utasalimia maji yetu kule."

Siku ya saba, Jumanne, na siku chache baadaye

Kurudi kulikuwa kwa haraka. Rusumo saa tano, saa ikasogezwa mbele. Sikushuka kutazama maporomoko. Foleni ilikuwa inatembea. Karagwe ilikuwa na mvua. Kyaka nilifika usiku, nikausikia mto kabla sijauona.

Nimeandika haya leo kwa sababu ya kilichotokea darasani. Nilichora Kagera ubaoni, safari hii sikuanza na mshale. Nilianza na vilima, nikachora mitaro, nikachora mabonde, ndani ya kila bonde nikatia vistari vidogo vya mafunjo, na nyuma ya vistari hivyo nikabadilisha chaki ya kahawia kuwa ya bluu. Nikawaeleza chupa mbili. Nikawaeleza mzee na mtaro wake.

Yule mwanafunzi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mtaro wa shule yetu unaishia wapi?"

Sikujua. Tukatoka nje, darasa zima, wanafunzi arobaini na mbili, tukaufuata. Ulipita nyuma ya jiko, ukapita chini ya uzio, ukashuka kando ya njia ya ng'ombe, ukafika bondeni kwenye shamba la maharage lililolimwa hadi ukingoni mwa kijito. Pale mwisho kabisa, jembe liliposhindwa kufika kwa sababu ya tope, yalikuwa yamebaki mafunjo. Waliyahesabu. Mabua kumi na moja, na kiota kimoja cha kwera.